Unene wa Mdogo Wangu wa Mwisho

Kwetu mtoto mdogo alipimwa kwa uzi. Enzi hizo, Waingereza wakiwa bado wanatawala, sidhani kama kulikuwa na nyumba yenye mtoto pale Kinampanda iliyokosa uzi huo. Mama alisokota pamba, akaipaka mafuta na masizi mpaka ikawa nyeusi, akaifunga kiunoni mwa mtoto chini kidogo ya kitovu. Uzi ukianza kubana na kuacha alama kwenye ngozi, ina maana mtoto amekua. Unaukata, unamfunga mwingine mrefu zaidi, na ule wa zamani unauchomeka kwenye boriti za tembe, juu ya mahali anapolala mama.

Tulizaliwa wanne. Mimi wa kwanza, akanifuata mdogo wangu wa kiume, kisha wa kike, kisha huyu wa mwisho ninayetaka kumsimulia. Baba alikufa kwenye mashamba ya mkonge, alikokwenda kwa kazi ya mkataba. Mama alimfuata mwaka uliofuata kwa homa iliyomchukua kwa siku sita. Wa mwisho alikuwa bado ananyonya, hajasimama hata kwa kushika ukuta. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na sita, nipo darasa la nne, kwa sababu tulianza shule tukiwa wakubwa. Wiki aliyougua mama niliacha kwenda shule, na sikurudi tena.

Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa kutugawa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameolewa Unyambwa, kule karibu na mji wa Singida, na watoto wake walikwishakua. Alimtaka huyu wa mwisho. Nikasema hapana, sisi tutakaa pamoja.

"Mtoto ananyonya huyu," shangazi akaniambia mbele ya watu wote. "Wewe utampa nini? Una ziwa?"

"Nitampa uji."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sasa, alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Kisha akasema, "Abaki hapa mpaka mavuno ya mwaka kesho. Shangazi yake atakuja kumwangalia. Akimkuta amenawiri, anabaki na ndugu zake. Akimkuta amekonda, anakwenda Unyambwa, na siku hiyo sitaki kusikia kilio."

Unyambwa ilikuwa mwendo wa siku mbili na zaidi kwa miguu. Mtoto akienda huko akiwa hajajua kusema, atakuja kutusalimia siku moja kama mgeni. Basi tangu siku ile macho yangu yote yalikuwa kwenye ule uzi.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza vizuri, zikakatika uwele ukiwa umefika magotini. Nyumba nyingi zikarudi kwenye mihogo, ile ambayo Bwana Shamba alilazimisha kila mtu aipande, na tuliyoipanda kwa manung'uniko. Mimi nilifurahi kuwa nayo. Niliisaga, nikapika uji, nikatia asali ya mizinga ya baba. Mdogo wangu aliupenda. Alikunywa asubuhi, mchana, jioni, na akiamka usingizini alikunywa tena.

Na alinenepa. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa madogo. Miguu ikawa minene, vidole vya miguu vikakaa kama karanga zilizolowekwa. Tangu palizi ya kwanza hadi ya pili nilikata uzi mara mbili. Nywele zake zikabadilika, zikawa nyepesi na nyekundu nyekundu, watu wakasema amekuwa kama mtoto wa Mzungu. Alikuwa mpole, anakaa pale unapomweka. Mama jirani, ambaye alikuwa na mtoto wa umri uleule, alisimama mlangoni siku moja akitikisa kichwa.

"Wewe msichana una mkono wa kulea," akasema. "Unampa nini?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha hata kipimo cha asali. Akaenda kumpikia wa kwake, na wa kwake naye akanenepa. Sikuwahi kusifiwa na mtu mzima hivyo tangu mama afe, na nilitembea siku nzima nikijisikia mrefu.

Wakati huo ndipo alipokuja yule bibi wa Kizungu. Alikuwa daktari, lakini hakuja kutibu. Alipiga hema kwenye uwanja wa baraza, akatundika kwenye mti mizani ya kuning'inia kama ile ya kupimia ngozi za ng'ombe, yenye mfuko wa turubai wenye matundu mawili ya miguu. Alitaka kupima watoto na kuandika wanakula nini. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni mumiani. Wengine walisema serikali imeishiwa mambo ya kutoza kodi, sasa inataka kodi ya watoto wanono. Siku ya kwanza walikuja akina mama watatu tu, na mmoja alikuja kuangalia wenzake wakipima.

Aliuliza wazee wampatie msichana anayejua Kinyiramba na anayeweza kuandika tarakimu bila kukosea. Nikatajwa mimi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, kimetoka kwenye kitabu. Aliwaambia akina mama, "Tafadhali, mwana wenu hupendelea chakula gani?" nao wakanigeukia mimi wakiziba midomo wasicheke. Mimi nikawauliza kwa Kinyiramba, "Jana mtoto alikula nini?" wakajibu.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyopenda shule. Nilipenda kuona mshale ukitetemeka kisha ukatulia mahali pamoja, ukisema kitu kuhusu mtoto ambacho mama yake aliyembeba mgongoni hakukijua. Bibi alikuwa pia na chombo kama koleo dogo chenye kisahani cha namba kama saa. Alikamata ngozi ya nyuma ya mkono wa mtoto kwa vidole viwili, akaibana kwa koleo, akasoma namba. Hapo nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, unatafuta nini humo?"

"Mafuta," akasema. "Nataka kujua mtoto amenenepa kiasi gani, na chakula gani kimemnenepesha."

"Kwani unene ni ugonjwa?"

"Kwetu Ulaya kuna watoto wanenepao hadi kukimbia kunawashinda. Vita vimekwisha, sukari imerudi, watoto wamerudi mezani. Hapa sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Nilifikiri ananitania. Mtoto mnene kupita kiasi! Nilikwenda nalo nyumbani jambo hilo, nikaligeuza geuza kichwani kama kitu ambacho hujui kinashikwa upande gani.

Siku chache baadaye akaletwa mtoto wa karani wa baraza. Karani alipata sukari na mikate kutoka Singida kila lori lilipopita, na mtoto wake alikunywa chai ya rangi yenye vijiko vitano, akala mkate uliopakwa samli, akabebwa hata pale ambapo angeweza kutembea. Tulipomweka kwenye mfuko wa turubai, tawi la mti lililia. Koleo lilipobana mkono wake, mshale wa kisahani ulikwenda mbali kuliko nilivyowahi kuuona.

"Andika vizuri, dada," mke wa karani akaniambia akirekebisha kanga yake. "Andika kwamba huyu ndiye wa kwanza."

Niliandika, lakini nilikasirika kidogo. Nyumbani kwangu nilikuwa na mtoto mwenye mashavu makubwa kama yale, na hakuwahi kuonja sukari. Kesho yake nikambeba mdogo wangu mgongoni, nikampeleka kwenye mizani. Sikumpeleka kwa sababu ya wasiwasi wowote. Nilimpeleka ili Bibi aone kwamba hata yatima wa Kinampanda wananenepa.

Mshale ulipanda ukasimama mapema. Nilidhani mizani imekwama, nikaigonga kwa kidole. Haikuwa imekwama. Bibi akachukua koleo, akakamata ngozi ya mkono wake, na palikuwa na kidogo mno cha kukamata. Nikasimama pale na daftari mkononi nikijaribu kuelewa. Mashavu ya mtoto wa karani na ya mdogo wangu yalikuwa sawasawa. Inakuwaje chombo kimoja kione mafuta kwa mmoja na kisione kwa mwingine?

Bibi alichuchumaa. Akaweka kidole gumba juu ya mguu wa mdogo wangu, akabonyeza kwa muda. Alipoondoa kidole pakabaki shimo. Shimo kamili, kama la kupandia karanga. Nikangoja lijifukie. Halikujifukia.

"Huyu si mnene," akasema taratibu. "Ana njaa."

Damu ilinipanda. "Njaa? Bibi, anakula mara nne kwa siku!"

"Anakula nini?"

"Uji."

"Wa nini?"

"Wa muhogo."

"Na nini tena?"

"Na asali."

"Na nini tena?"

Nilikuwa nimewauliza akina mama wengi swali hilohilo, nikaandika majibu yao bila kuinua kichwa. Sasa nikalifunga daftari.

Akanieleza. Muhogo unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla, asipate maziwa wala kunde wala karanga wala mayai, mwili wake hukaa na njaa hata tumbo likishiba, na maji hujaa mahali pa nyama. Nywele hubadilika kwa njaa hiyo. Upole ule pia unatokana nayo. Mtoto wa umri wake anayekaa tu pale unapomweka hana nguvu za kuondoka.

Nikamwuliza juu ya uzi. Hakunielewa, nikarudi mbio nyumbani nikazichomoa nyuzi zake zote kwenye boriti nikamletea. Bibi alisahau kula mchana ule. Alizilaza mezani mmoja baada ya mwingine, akazipima kwa rula, akaniuliza kila mmoja ulikatwa mwezi gani, wakati wa kazi gani shambani, mama akiwa hai au amekufa. Alikuwa kama mtoto aliyeokota kitu njiani.

"Kumbe uzi ulinidanganya," nikasema.

"Haukudanganya. Kiuno kiliongezeka kweli. Uzi hauwezi kujua kama ndani ni nyama au maji. Hata mimi kwa macho nisingejua, ndiyo maana nabonyeza."

Nilimwuliza kama mdogo wangu atakufa. Hakusema hapana. Alisema, "Apate maziwa. Kila siku, kidogo kidogo, mara nyingi. Karanga zilizosagwa, kunde zilizopondwa. Na yai."

"Mtoto akila yai atachelewa kusema."

"Nani alikwambia?"

"Kila mtu."

"Basi achelewe kusema," akajibu, "lakini awepo."

Maziwa ndiyo yalikuwa shida. Baba aliacha ng'ombe, lakini kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Huwatawanya kwa rafiki zake, ugonjwa au wezi wakija wasiwamalize wote. Anayechunga anakunywa maziwa, na mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe. Kumrudisha ng'ombe nyumbani ni neno la mwanamume wa ukoo, yaani baba mdogo. Na nikimwendea baba mdogo ataniuliza maziwa ni ya nini. Nikimwambia mtoto ni mgonjwa, hatangoja mavuno.

Nikaamua kutomwambia. Alfajiri nilivuka bonde hadi kwa mtu aliyekuwa na ng'ombe wetu mmoja aliyezaa karibuni, nikamkuta mkewe akikamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, kuna msiba?"

Nikamweleza. Akaendelea kukamua mpaka akamaliza, nami nimesimama.

"Ng'ombe ni wa baba yako," akasema, "na maziwa ni ya sisi tunaomchunga, ndivyo ilivyo. Lakini mtoto akiwa hivyo sitaki kuja kuulizwa na Mungu. Njoo na kibuyu kila asubuhi. Na baba yako mdogo nisimwambie, siyo?"

"Usimwambie, mama."

"Sikusikia kitu mimi."

Wiki hiyohiyo Bibi alikuwa anahamia Mkalama kwa mwezi mzima. Asubuhi ya kuondoka, watu wakifunga hema, aliniita kando. "Nisikilize vizuri," akasema. "Maji yatatoka. Atakonda kwanza, tena sana, utaona mbavu zote. Utafikiri umemwua. Usiogope, na usiache maziwa."

Nilimwitikia, lakini kusikia si sawa na kuona. Mdogo wangu alianza kukojoa kuliko mbuzi. Mguu ukawa mwembamba, kisha mkono, kisha mashavu yakaondoka yote karibu kwa mara moja, ikabaki sura ya mzee mdogo ninayemfahamu kidogo. Uzi ulimwanguka mpaka magotini. Kila asubuhi nilimbonyeza mguu, na shimo lilikuwa linapungua kina, nalo ndilo lilikuwa neno langu pekee la kujitetea. Kwa yeyote aliyemtazama, alikuwa mtoto anayekufa njaa.

Nilikwenda kwa mama jirani kumwambia aache uji wa muhogo peke yake, aanze kunde, atafute maziwa. Alikuwa amempakata wa kwake, mnene, anang'aa kwa mafuta.

"Wa kwako umempa hayo maziwa ya Mzungu akawa vile," akasema, "na wa kwangu nimwanzishe?"

"Lakini mimi ndiye niliyekufundisha ule uji."

"Ulinifundisha vizuri. Baadaye ukaharibikiwa."

Mavuno yalikuwa karibu, yale machache yaliyokuwepo. Nilijua namna ya kuyarudisha mashavu. Nilikuwa na unga wa muhogo, nilikuwa na asali. Siku kumi za uji ule na mtoto angekuwa mnene tena, shangazi angekuja, angemfinya shavu, angekwenda zake. Kisha ningeanza maziwa upya. Jioni moja niliinjika sufuria, maji yakachemka, unga nikaushika mkononi. Nikajiuliza kama mwili wake ungevumilia kuanza upya, na huyo ambaye ningeweza kumwuliza alikuwa Mkalama. Mdogo wangu wa kike akaniuliza, "Dada, mbona maji yanakauka?" Nikaurudisha unga kwenye mtungi. Maji yale tulichemshia kunde.

Shangazi alikuja na lori la karanga, siku ambayo hatukumtegemea. Nilimwona kwa mbali akija na mzigo kichwani na kanga mbili begani, zawadi za mtoto, na sikupata hata muda wa kumvika kitu mdogo wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngozi mbele ya nyumba, uchi, mbavu zote nje.

"Shikamoo, shangazi."

Alitua mzigo chini polepole sana. "Yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Nakuuliza mtoto wa ndugu yangu yuko wapi."

"Shangazi, ndiye huyu. Alikuwa mgonjwa, sasa anapona."

"Anapona!" Akageuka kwa uwanja mzima, akaita kwa sauti ambayo ilifika barabarani. "Njooni mwone mtu anayepona! Nilimwachia mtoto, nakuta vijiti vya kuwashia moto!"

Baba mdogo aliitwa. Watu wakajaa. Nikaeleza yote: muhogo, maji, kidole gumba, koleo, maziwa. Nilisikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa hayaaminiki. Mtoto mnene alikuwa anakufa, mtoto mwembamba anapona. Baba mdogo aliposikia habari ya maziwa alikunja uso. "Umekwenda kwenye ng'ombe wa kaka yangu kwa siri?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mtamchukua."

"Na sasa je?"

Mama jirani akasogea mbele. Nadhani hakukusudia ubaya. "Mimi ni shahidi," akasema. "Mtoto huyu alikuwa mnono kama huyu wangu, wa kupendeza kabisa. Alianza kukonda siku alipopelekwa kwa yule Mzungu."

Pale nikajua nimekwisha. Shangazi akainama, akamwinua mdogo wangu, akaanza kumviringisha kwenye ile kanga mpya. "Lori linarudi keshokutwa," akasema.

Nilimtazama mtoto wa jirani mikononi mwa mama yake, miguu yake minene ikining'inia. Nikasema, "Shangazi, kabla hujamfunga. Mbonyeze mguu mtoto yule."

"Nani?"

"Wa mama jirani. Mbonyeze wewe mwenyewe, kwa kidole chako. Mimi simgusi."

"Mwanangu hachezewi," mama jirani akarudi nyuma.

Shangazi alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo. Kwa hilo nadhani nimemrithi. Alinirudishia mdogo wangu bila kunitazama, akamfuata mama jirani, akashika ule mguu kama mtu anayeshika mguu wa kuku wa kununua. Akabonyeza. Akaondoa kidole.

Watu walikuwa wanazungumza. Wa mbele wakainama kutazama, wa nyuma wakasukumana. Shangazi aliinamia lile shimo. Akabonyeza pembeni yake, likatokea la pili. Akaja akambonyeza wa kwangu, ngozi ikarudi palepale. Akajibonyeza mwenyewe mkononi. Akamgeukia baba mdogo, akamshika muundi wa mguu mbele ya watu wote.

"Niache, dada, una wazimu?"

"Tulia." Akabonyeza. Ngozi ikarudi. Akarudi kwa mtoto wa jirani, na mashimo yale mawili yalikuwa bado yanatutazama.

"Hili ni nini?" akaniuliza. Sasa alikuwa ananiuliza.

"Ni maji, shangazi. Wa kwetu alikuwa hivi hivi. Mashimo haya haya."

Mama jirani alianza kulia, kisha akanitukana, kisha akaniuliza afanye nini. Mdogo wangu, niliyekuwa nimemrudisha kwenye ngozi yake, katikati ya hayo yote alikuwa amefikia kibakuli chake cha karanga zilizosagwa, ameingiza mkono mpaka kwenye kifundo, anajipaka usoni zaidi ya anavyokula. Mtoto mmoja wa ukoo aliyetaka kukiondoa alipigwa kofi la mkono mdogo wenye karanga. Shangazi aliliona kofi lile. Alilea watoto saba, na alijua mtoto anayekufa hagombei chakula.

Baba mdogo alikaa akisugua mguu wake uliobonyezwa. Mwishowe alisema kwamba jambo la kwenda kwa siri kwenye ng'ombe tutaliongea siku nyingine. Kwa sasa yeye mwenyewe angevuka bonde asubuhi kumleta ng'ombe na ndama wake nyumbani, na maziwa yangegawanywa nyumba mbili, ya kwangu na ya jirani. Hakuniuliza kama nimekubali.

Shangazi hakuondoka keshokutwa. Alikaa siku tisa. Alikamua ng'ombe, alimlisha mtoto wa jirani kwa mkono wake kwa sababu mama yake alikuwa anaogopa mno, na mchana alizunguka nyumba kwa nyumba akishika miguu ya watoto wa watu. Alipata wengine wawili. Wazee walilalamika kwamba mwanamke wa Unyambwa anabonyeza watoto kama maembe sokoni. Mtoto wa jirani alipoanza kukonda, mama yake alinijia akilia, nami nikamwambia yale niliyoambiwa, asiogope, asiache maziwa. Nilimwambia kwa sauti iliyotulia kuliko nilivyokuwa.

Bibi aliporudi kutoka Mkalama alimkuta mdogo wangu amesimama kwa kushika mguu wa meza yake. Alimpima, akaandika, akanipa kalamu niandike wengine. Nilifanya naye kazi mpaka alipoondoka nchini, na baada yake nikafanya na wengine, miaka mingi. Siku hizi nikienda kliniki na wajukuu nasikia muuguzi akimkemea mama kwamba mtoto wake amezidi unene, soda zipungue, na mama anakasirika kama ambavyo mke wa karani angekasirika. Siwalaumu hata mmoja. Nami nilibeba unene mgongoni nikaupeleka kuonyesha.

Lakini nilikuwa naeleza siku ya tisa. Lori lilisimama barabarani likitetemeka, juu limejaa magunia. Nilimsindikiza shangazi nikiwa nimembeba mdogo wangu. Alimpa zile kanga mbili, akamtazama kwa muda, akampitishia kiganja kichwani, kisha akapanda akisaidiwa na utingo. Utingo akamwangalia yeye, akaniangalia mimi na mtoto niliyembeba.

"Mama, tulipokuja si ulisema utarudi na mtoto? Nilikuwekea nafasi ya watu wawili."

"Weka gunia," shangazi akasema, akikaa. "Mtoto ana kwao."